Chai ya Saa Nne Kwenye Jengo la Kijani

Sinywi chai ya kazini. Ukisema hivyo hapa Kericho watu hukutazama kana kwamba umesema hupumui. Wengine huniuliza kama nina vidonda vya tumbo, wengine kama nimeingia dini mpya, na wifi yangu aliwahi kunitazama tumbo akatabasamu peke yake. Nawaacha wafikirie watakavyo. Ukweli ni kwamba kwa miezi minne mimi na watu wote wa ofisi yetu tulikunywa chai iliyopikwa kwa maji ya masinki ya kunawia mikono, maji ambayo yalikuwa yameshapita mikononi mwa jengo zima. Aliyepika chai hiyo alifukuzwa kazi. Aliyemwonyesha mfereji wa maji hayo ni mimi, na mimi bado niko kazini.

Jengo lenyewe utaliona kabla hujafika mjini. Ni ghorofa kumi na mbili. Nairobi pengine lingeonekana kibanda, lakini kwetu vitu virefu vilikuwa mikaratusi na dohani za viwanda vya chai, kwa hivyo watu walisimama barabarani wakihesabu madirisha. Upande unaopigwa na jua la jioni umefunikwa kwa vibao vyepesi vya chuma, vimekatwa kwa umbo la majani mawili na kichipukizi, vile mchumaji anavyofundishwa kuchuma. Langoni pameandikwa kwamba hili ni jengo la kijani, rafiki wa mazingira. Niliajiriwa kulisimamia kabla hata viti havijaletwa: taa, lifti, maji, funguo na malalamiko. Nilijivuna sana. Nilimleta baba yangu kutoka Silibwet aje alione, naye akavaa koti lake la kwendea harusi.

Msanifu wa jengo alikuwa kijana wa Nairobi mwenye viatu vyeupe, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, hata askari wa lango, kwa kuwashika mkono. Siku ya kwanza alitukusanya pale chini akatueleza kwamba jengo lake linapumua. Alikuwa ametembelea viwanda vya zamani vya chai akapenda zile dari za juu ambako majani mabichi hutandazwa, upepo ukapita kutoka ukuta hadi ukuta bila injini yoyote. Akaziiga. Kila ghorofa ikatiwa vipenyo vinavyojifungua vyenyewe joto likizidi, ili tusihitaji mashine za kupoza hewa. Tulipiga makofi.

Nilipomweleza baba habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. Ujanani alifanya kazi kiwandani, juu huko huko kwenye majani. Kwa Kikipsigis chetu aliniuliza kama huyo kijana anajua kwa nini jani hupelekwa pale. Hupelekwa linyauke, akasema, upepo ulinyonye maji lilegee, ndipo liweze kusagwa. Sasa ninyi wamewapandisha huko wawafanye nini?

Mwezi wa saba tulimwelewa. Mvua ya hapa haina siri, saa nane mchana inaanza, na mara nyingi inakuja na mawe. Mashine inayoendesha vipenyo ilihesabu pumzi zetu na joto la kompyuta, ikaona tunaungua, ikafungua vipenyo vyote. Mhasibu wetu alikuwa akichapa barua akiwa amevaa glavu alizokata ncha za vidole. Wanawake tulijifunga leso magotini. Tulipoziba vipenyo kwa magunia, mashine ilimwandikia meneja barua pepe kwamba kuna hitilafu. Nilicheka siku hiyo, lakini kicheko cha kinyaa, kile cha mtu anayeona vitu vya gharama vikiendeshwa na watu wasiouliza swali.

Hata hivyo baridi haikuua mtu. Nataka kuongea juu ya maji.

Jengo lina maji ya aina mbili. Kuna maji safi ya kunywa na kunawa. Halafu maji hayo yakishanawiwa hayamwagwi, yanateremka kwenye matangi chini ya jengo, yanachujwa, yanarudishwa juu kwa bomba la rangi ya zambarau, yanatumika kwa vyoo na kupigia deki. Na mimi sisemi hilo ni jambo baya. Choo hakihitaji maji ya kunywa, hata nyanya yangu alijua hilo, maji ya kuoshea vyombo alikuwa akiyamwagia sukumawiki. Kinachonichefua ni kwamba kijana yule alikaa mwaka mzima akihesabu kila tone, akafikiria choo, akafikiria mop, akafikiria hata maua ya langoni, na katika mji huu ambao mlima wote ni chai hakufikiria chai.

Hakukuwa na jiko. Kila ghorofa ilikuwa na meza nyembamba ya mawe, birika dogo la umeme, na mfereji usio na koki, ule wa kupungiwa mkono, unaotoa maji ya kujaza kikombe kimoja kisha unakatika. Alidhani kila mtu atakuja na kikombe chake, ajichemshie maji, achovye kile kifuko cha majani chenye uzi. Huko kwao labda. Kwetu chai ya saa nne ni sufuria. Maji yanachemka, majani yanatiwa kwa mkono, maziwa yanafuata, na inachemka pamoja mpaka ipande. Meneja mwenyewe alionja ile ya kifuko siku mbili, siku ya tatu akaniambia nitafute mtu wa chai, na nisimwambie msanifu.

Nilimpata mama mmoja tuliyesali naye kanisa moja. Alikuwa ametoka upande wa ziwa akiwa bibi arusi, akachuma chai kwenye mashamba makubwa karibu miaka thelathini. Zilipokuja mashine za kuchuma, wachumaji walipunguzwa, na ukipunguzwa unatoka pia kwenye nyumba ya kampuni. Mume alikuwa ameshazikwa. Kipande chao cha shamba kule nyumbani shemeji yake alikuwa amekilima mpaka mlangoni. Kila mwaka wa uchaguzi alifunga mzigo wake mdogo akauweka nyuma ya mlango, kura zikiisha salama akaufungua. Hakuwa na pa kurudi. Kazi ya chai ndiyo iliyomlipia chumba chake cha mabati, na aliniambia hivyo waziwazi siku nilipomwandika kazi.

"Hii ikienda, nyathina, mimi nimeisha," alisema. Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yao. Hakuna aliyeniita hivyo tangu mama yangu afariki, na nilipenda kuitwa.

Tulimpa stoo ya ghorofa yetu, ya tatu, kule kunakowekwa mop na ndoo. Akaleta jiko la gesi na sufuria kubwa ya kanisa. Alipika chai ambayo watu wa ghorofa nyingine walipanda ngazi kuifuata. Lakini kila asubuhi ilibidi asimame kwenye ule mfereji wa kupungiwa, akipunga na kupunga, kikombe kwa kikombe, kama mtu anayefukuza nzi kwenye nyama. Siku nyingine mfereji ulichoka ukakataa kumwona kabisa.

Mle stooni kulikuwa na mfereji mwingine, wa koki ya kawaida, wa kujazia ndoo za mop. Juu yake kulikuwa na stika yenye picha ya glasi iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Nasema kulikuwa. Wapiga picha wa gazeti moja la majengo walipotarajiwa, meneja alizunguka akasema stika zinafanya jengo lionekane kama hospitali, zitolewe. Nilizitoa. Ile ya ghorofa ya tatu niliibandua kwa kucha yangu mwenyewe, na ilinisumbua, gundi ikabaki ukutani.

Wiki ile ile mama alinijia mlangoni na sufuria tupu.

"Nyathina, ile mfereji imenikatalia tena. Saa tatu imepita."

Nilikuwa nikiandika ujumbe kwa fundi wa lifti. Sikuinua kichwa. Nilielekeza kidevu upande wa stoo.

"Si kuna ingine huko ndani, mama? Tumia hiyo."

"Hiyo ya ndoo?"

"Maji ni maji. Tumia tu."

Alinishukuru. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, na kila nikiyarudia najichukia upya. Mimi ndiye niliyekuwa na michoro ya mabomba kwenye kabati langu, na ninajua rangi ya zambarau ni ya nini. Sikudanganya. Sikufikiria tu, kwa sababu aliyeuliza alikuwa mama wa chai, na mimi nilikuwa na fundi wa lifti.

Basi tukanywa, miezi minne. Maziwa ya Kiptere ni mazito, majani yetu ni makali, sukari ilikuwa nyingi, na vitu hivyo vitatu vikichemka pamoja vinaweza kuficha dhambi yoyote. Meneja alikuwa na kikombe chake kikubwa, alikunywa viwili na akamega mandazi. Mchungaji alikuja kubariki ofisi, akapewa, akaomba kingine. Mita ya maji safi ya ghorofa yetu ikawa inasoma kidogo, na mimi, badala ya kujiuliza, niliandika kwenye ripoti kwamba watumiaji wa ghorofa ya tatu wameelewa falsafa ya jengo. Meneja aliisoma mbele ya watu. Nilivikwa kilemba cha ukoka na nikakikaza kichwani.

Kisha ofisi ikabadilisha sabuni ya kunawa. Ile mpya ilikuwa rahisi, ya kijani, na ilinuka ndimu kwa nguvu. Siku chache baadaye chai ikakatika. Mama alimimina, na kikombeni maziwa yakaenda upande wake na maji upande wake, vipande vyeupe vikaelea juu na povu kidogo pembeni. Alimwaga sufuria nzima akapika upya, ikakatika tena.

Ilipokatika siku ya tatu mfululizo watu hawakuwa wanalalamika tena, walikuwa wanaongea. Muuza maziwa aliapa kwamba maziwa yake yanauzwa hoteli tatu na hakuna aliyelalamika. Kwa hivyo ikabaki mama. Wakasema anapunguza maziwa anajaza maji. Wakasema analaza ya jana. Nilimsikia mhasibu, mtu wa kwetu, mtu wa kuimba kwaya, akisema kwenye korido kwamba mtu wa ziwa ajue samaki, maziwa awaachie wenye ng'ombe. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno, nikapita na funguo zangu.

Ijumaa meneja alimwita mama ofisini, nami nikaitwa nisimame pale kama shahidi.

"Jumanne tuko na wakaguzi," alimwambia. "Wanakuja kutupatia kibao ya jengo la kijani. Siwezi wapatia hiyo takataka yako wanywe."

"Bosi, mimi sijaweka kitu. Maziwa nachemsha vile nimekuwa nikichemsha."

"Kwa hivyo maziwa imejiharibu?"

"Sijui, bosi. Hata mimi nashangaa. Lakini maziwa ya watu siwezi iba. Uliza huyu," akanigeukia, "uliza huyu mtoto, tunasali pamoja."

Meneja hakuniuliza. Alimwambia alete ufunguo wa stoo, na Jumatatu asije. Mama alivua aproni yake pale pale, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka kwenye kona ya meza. Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Hakulia. Aliniuliza tu kama najua mahali popote wanatafuta mtu, hata wa kufua.

Mchana ule nilienda kuosha ile sufuria ili nimrudishie, maana ilikuwa ya kanisa. Nikafungua mfereji wa stoo. Maji yaliyogonga chini ya sufuria yalinuka ndimu.

Nilifunga, nikafungua tena. Nikachota kiganjani nikanusa. Ndimu, na nyuma ya ndimu kitu kingine, harufu ya kitambaa kilicholowa kikasahauliwa. Nikainua macho nikaona bomba linavyopanda ukutani, zambarau, safi, limepakwa vizuri. Juu ya koki kulikuwa na mraba wa gundi, vumbi limeshaushika. Nilijua kucha ya nani iliacha mraba ule.

Nilitapika kwenye ndoo ya mop. Nilifikiria mikono yote ya jengo lile, mikono iliyotoka chooni, iliyopangusa pua, iliyoshika noti na milango, mikono ya ghorofa kumi na mbili ikinawa, na sisi huku chini tukingoja saa nne ifike. Nilimfikiria mchungaji akiomba kikombe cha pili. Kisha nikafikiria mama akikunja aproni, na kinyaa kikabadilika, kikaacha kuwa cha maji.

Na bado sikwenda kwa meneja. Nataka niandike hilo bila kulipamba. Nilifunga stoo, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda nyumbani Silibwet kwa wikendi. Kichwani nilikuwa nikipanga: wakaguzi wapite kwanza, kibao kije, halafu nitamtafutia mama kazi mahali. Nilikuwa na mipango mizuri kama hiyo, kila mtu anayo akiwa na hofu. Jumapili baba alinimiminia chai nikaisogeza. Akauliza, nikamweleza yote. Akatazama chai yake nje ya dirisha, ile ya shambani. Akaniuliza kama yule mama ameshajua. Nikasema hapana. Akasema basi mimi hapa unaniambia nini, mimi ndiye niliyemfukuza?

Jumatatu asubuhi niliingia kwa meneja nikafunga mlango. Nilipofika kwenye neno masinki aliangalia kikombe chake kikubwa. Alikuwa amekiosha, kimefudikizwa juu ya karatasi ya shashi. Alitoka mbio. Nilimsikia chooni kupitia vile vipenyo vinavyopumua, maana jengo letu linapitisha upepo na linapitisha kila kitu. Aliporudi uso ulikuwa umelowa.

"Nani mwingine anajua?"

"Baba yangu."

"Huyo ni mzee, hana neno." Alikaa chini. "Sikiza. Huyo mama ashaenda. Yeye hajui, watu hawajui, hakuna mtu amekufa. Tutaweka maji ya chupa, tutatafuta mwingine. Stika rudisha leo leo. Ukifungua hii mdomo kesho, kibao imeenda, na wewe umeenda."

"Na jina la mama?"

"Jina gani? Ni mpika chai."

Sijui kama bila maneno hayo ningesema. Pengine ningenyamaza, sijisifu. Mimi huchelewa kukasirika, lakini nikishakasirika siwezi kujizuia. Nilitoka pale, na stika sikurudisha.

Jumanne walikuja wakaguzi watatu, na msanifu pamoja nao, viatu vyake bado vyeupe katika matope yetu, sijui anafanyaje. Walipima mwanga, wakapima hewa, wakagusa vibao vya majani mawili na kichipukizi, wakapiga picha. Tulipofika ghorofa ya tatu meneja alitoa ripoti yangu. Akasoma jinsi tulivyopunguza maji safi kuliko ghorofa yoyote. Mkaguzi mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika kwenye daftari, aliuliza tulifanyaje.

"Ni elimu tu," meneja alisema. "Watu wetu wameelewa."

"Tulipikia chai maji ya zambarau," nikasema.

Hakuna aliyenielewa mara moja. Ilibidi niwapeleke stooni nikafungue koki, nikawaonyeshe alama ya gundi, nikaeleze ni nani aliyebandua, na kwa amri ya nani, na ni nani aliyemwambia mama achote hapo. Nikasema mama yule alifukuzwa Ijumaa kwa kuharibu maziwa, na maziwa hayakuwa na kosa. Watu wa ofisi walikuwa wameshajaa koridoni. Mhasibu alishika mdomo kwa glavu zake zilizokatwa. Mtu alianza kutapika kwenye ngazi, na mwingine akamfuata.

Msanifu alikuwa wa kwanza kuongea. Alitoa simu yake, akatafuta mchoro, akamwonyesha yule mkaguzi wa daftari.

"Stika iko kwa mchoro," alisema. "Sisi tuliweka. Hapa tatizo si jengo, ni watumiaji."

"Mlitarajia wapikie wapi chai?" mkaguzi akamuuliza.

Alitazama huku na huku, akaona jiko la gesi. "Hiyo haikuwa kwa mahitaji tuliyopewa," alisema. Na alisema kwa upole kabisa, akiwa ameumia kweli, kama mtu ambaye zawadi yake imekanyagwa.

Mngedhani mambo yangebadilika baada ya hapo. Kibao kilicheleweshwa kidogo, kisha kikaja. Kiko pale chini karibu na lifti, cha shaba, na askari hukipangusa kila asubuhi. Stika zimerudi, sasa zina lugha tatu. Meneja alihamishiwa tawi kubwa zaidi. Watu wa ofisi walitumiwa barua kwamba chai ilisitishwa kwa sababu za kiufundi, na nilipouliza kwa nini jina la mama halikusafishwa kwenye barua hiyo, niliambiwa haikuwa na jina la mtu yeyote, kwa hivyo hakuna aliyechafuliwa. Mimi sikufukuzwa. Nadhani waliona ni afadhali mwenye mdomo abaki ndani kuliko awe nje. Mhasibu aliniambia kwenye lifti kwamba yeye tangu mwanzo alimtetea yule mama. Nilishuka ghorofa isiyokuwa yangu ili nisimtapikie.

Lakini niliruhusiwa kumrudisha kazini. Hilo nilipigania, na nilipopewa nilikimbia kwenda kumwambia, na sufuria ya kanisa kwapani.

Chumba chake kiko nje kidogo ya mji, safu ya mabati nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga. Bati la paa limewekewa mfereji wa maji ya mvua uliotengenezwa kwa mabati ya zamani yaliyokunjwa, unateremka kwenye pipa la plastiki, na juu ya pipa amefunga kitambaa cheupe cha kuchujia. Maji ya mvua, bila kibao. Alinikaribisha, akaniwekea kiti pekee, yeye akakaa kitandani. Nyuma ya mlango niliona mzigo wake mdogo umefungwa, na haukuwa mwaka wa uchaguzi.

Nilimwambia kila kitu. Nilianza na habari njema, kwamba amerudishwa kazini, halafu nikaeleza sababu, na nilipokuwa nikieleza niliona habari njema inazama. 

"Hata mchungaji alikunywa," alisema mwishowe.

"Alikunywa, mama."

"Vikombe viwili."

"Ndio."

"Mimi ndio nilimpatia. Na mkono yangu." Aliigeuza mikono yake akaitazama, ile mikono ya mchumaji, weusi wa utomvu hautoki kwenye ncha za vidole hata ukikaa miaka. "Na wewe ulijua hiyo maji ni ya nini?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, alikuwa mtu wa kuamini.

"Nilijua, mama. Sikuangalia ulikuwa unaniuliza nini."

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama anayekubali hesabu ya kilo zake za majani kwenye kituo cha kupimia.

"Hapo siwezi rudi, nyathina. Nitapikia nani? Kila mtu akishika kikombe ataangalia ndani, halafu ataniangalia mimi."

Nilibembeleza. Nilisema watu wanajua ukweli sasa, nilisema nitasimama naye. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa. Kisha akainuka, akawasha jiko, akachukua ile sufuria kubwa, akaiangalia, akaiweka chini na kuchukua ndogo. Kwao mgeni haondoki mkavu, hata awe amekuja na nini. Nilidhani atatoka kwenda kwenye pipa. Badala yake alinipa kikombe cha bati na kunifungulia mlango.

"Enda uchote wewe mwenyewe," alisema.

Nikaenda. Nilifungua kitambaa, nikachota, nikarudi nikitembea polepole nisimwage. Nilipotaka kuyamimina kwenye sufuria alinishika mkono.

"Onja kwanza."

Nikaonja mbele yake, na alingoja mpaka akaniona nimemeza.